Mkono wa Bwana Muhanna

Tumebaki wawili.
Tulianza kumi na tisa, Alhamisi, baada ya Isha,
nyumbani kwa Yaarubi, Mabela, mtaa wa nyuma ya gereji.
Hakuna baisa hata moja mkekani:
tunachezea kokwa za tende, zimeoshwa, zimeanikwa,
na mshindi atapewa zulia ambalo mke wa Yaarubi halitaki.

Thuwaini wa benki alitoka wa kwanza.
Akidanganya hugusa kofia,
na leo kofia haikupata kutulia.
Shangazi Shinuna alidumu mpaka saa tano.
Yeye akipata karata nzuri huulizia wanao:
"Na Ruqaya hajambo? Mtihani kafaulu?"
Hapo weka zako chini, mjibu kwa adabu.

Mimi fundi wa viyoyozi.
Nalipwa kusikiliza mashine inayojidai nzima.
Bwana Muhanna alikuwa Wajaja, forodhani,
miaka thelathini akiwatazama madereva wa malori
mpaka wakumbuke wenyewe
walichokificha chini ya vitunguu.
Sasa ananitazama mimi.

Nina wafalme wawili, wa uru na wa shupaza.
Mkekani kopa tatu: tisa, ghulamu, mbili.
Kisha sita ya pao, nne ya uru, za kujazia tu.
Akiwa na kopa mbili mkononi, nimekwisha.
Kasukuma kokwa zake zote,
kwa kiganja, taratibu, kama anafagia makombo.

Na mkono unatetemeka.

Huu nimeusoma tangu saa tatu.
Mara ya kwanza ulitetemeka, nikamwita, akafunua garasa.
Ukatetemeka tena, nikamwita: tatu na saba,
karata ambazo hata hazijuani.
Nikajiambia, ufunguo wa nyumba yake ninao.

Akapita Azzan na birika.
Kwetu hapa ukitikisa kikombe umesema basi, nimetosheka.
Mtoto akaona kikombe kinatikisika,
akakipokea kwa mkono wa kulia, kama alivyofunzwa,
na kahawa nusu imo.
Bwana Muhanna hakusema kitu.
Jicho lake likatoka usoni pangu
likaifuata ile kahawa mpaka mlangoni.

Nikarudi nyuma kuhesabu.
Vikombe vingapi usiku huu vimechukuliwa hivyo?
Na mwaka jana, harusini Barka,
alipomwachia mwanawe amkatie nyama,
nami nikasema moyoni: kiburi cha ofisini hicho.
Mkono hausemi habari za karata.
Hutetemeka ana garasa, hutetemeka ana ree,
hutetemeka asubuhi
akitafuta tundu la kifungo cha kanzu.

Basi ufunguo sina. Nina mlango tu.

"Mwite, baba, tukalale!" Shinuna, kutoka kwenye mito.

Nikalifikiria lile jicho.
Mwongo hauachi uongo wake peke yake mkekani
akaenda kufuata kahawa.
Angekuwa hapa hapa, usoni pangu, anahesabu pumzi.
Huyu ameondoka.
Karata zake hazihitaji mlinzi.

Au ndivyo wafanyavyo watu wa forodha.

Nikawalaza wafalme kifudifudi, nikawasukuma.
Nilibakiwa na kokwa tisa;
mkono uliofuata ukazila.

Nikanyanyuka, nikamwomba Azzan birika.
Nikamimina nusu, nikashika kitako cha kikombe
mpaka midomo yake ilipofika.
Akanywa bila haraka, yote.

"Vile vya kopa. Ulikuwa na nini?"
"Garasa," nikasema.

Akanitazama, ule utazamaji wa Wajaja,
turubai limefunuliwa, vitunguu vimeshushwa vyote.

"Hata mimi," akasema.

Yaarubi alikuwa keshaanza kulikunja zulia.